Fundi kanifutia oili kwenye kanzu halafu kaniambia injini imekufa. Boneti hata hakufungua!

Abuu wa Kimara (mleta uzi)

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, na si njaa.

Fundi mwenyewe simtaji, mnamjua wote. Yule wa kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, redio haizimwi, kila ukimuuliza kitu anakujibu "hiyo ndogo". Eeh, huyo huyo.

Nina Subaru Forester SG5 ya turbo (ile feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), ya 2003. Mwezi wa pili huu inatoa moshi wa bluu. Juzi nimekaa kwenye foleni Kimara kama dakika kumi hivi, magari yalipoachiwa nikakanyaga mafuta, nikitazama kwenye kioo cha nyuma Dar es Salaam haipo. Bodaboda mmoja kanifukuza hadi Mbezi kuniuliza dawa ya mbu mtaani kwao tunapuliza lini.

Sasa leo Ijumaa. Nimetoka kuswali, nina kanzu nyeupe. NYEUPE wakuu, kanzu ya Idi. Nikasema nipitie mara moja nimweleze tu. Naanza kumwambia asubuhi iko hivi, kwenye foleni inakuwa hivi, ananikata: "Piga resi." Nikapiga. Akazunguka nyuma, akachomeka kidole kwenye sailensa, akakitoa kimeiva, akakinusa huku kafumba macho kama mpishi wa pilau. Akaja dirishani, akaniwekea mkono begani kama tupo msibani, akasema: "Shehe, injini imekufa. Andaa milioni tatu na nusu."

Na wakati ananipa pole, kidole kinajifuta. Kwenye bega langu. Taratibu, mbele nyuma, mbele nyuma.

Kwa mliochelewa: KWENYE KANZU.

Boneti haikufunguliwa. Hata kuiangalia hakuiangalia. Watu kwenye benchi wakasema "pole shehe", mmoja akaitikia amina.

Chuma Chakavu

Gereji na kanzu wapi na wapi? Mimi siku ya harusi yangu nilivaa ovaroli kwa sababu nilikuwa na miadi na fundi saa nane.

Mama Wawili Tabata

Pole kaka. Bega la kulia au la kushoto?

Abuu wa Kimara

La kulia dada. Upana wa vidole viwili. Nikivua kanzu naona kabisa alama za vidole, polisi wakitaka ushahidi upo.

Gaskoti

Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya bega.

Mzee wa Spana

Tuweke kanzu pembeni kwanza.

Moshi wa bluu ni oili inaungua, hapo fundi wako kapatia. Ila kidole hakiwezi kukwambia hiyo oili imepita mlango gani, na milango iko mingi: ringi za pistoni, sili za vali, sili za turbo, au inavutwa kupitia PCV (vali ya kutolea pumzi ya injini). Kinachosema ni wakati gani inatoa moshi, yaani kile kile ulichotaka kumweleza akakukata.

Ikitoa pafu moja asubuhi ukiwasha kisha ikatulia, kwa Subaru usikimbilie kulia. Pistoni zake zimelala ubavu, oili kidogo hupenya usiku, hasa ukipaki mahali penye mteremko. Ukishuka mlima mguu hauko kwenye mafuta, ukija kukanyaga wingu linatoka, tazama sili za vali. Ukipandisha mlima na mzigo na moshi haukatiki mpaka juu, hapo anza kuogopa ringi.

Wewe ni wa foleni. Gari inakaa inaunguruma bila kukanyagwa, ukikanyaga moshi. Sili za vali nazo hufanya hivyo, lakini mimi ningeanza na turbo, na hata hiyo turbo nisingeinunua kwanza. Oili inaingia turbo kwa presha ila kutoka inashuka yenyewe kwa uzito wake, hakuna pampu ya kuivuta. Mpira wa kurudishia ukiziba, au PCV ikiziba injini ikajaa pumzi chini, oili inakosa pa kwenda inajipenyeza kwenye sili. Watu wamebadilisha turbo tatu kwa kosa la mpira mmoja.

Fungua mpira wa intakula (kipoza hewa ya turbo). Ute kidogo wa oili ni kawaida, ukikuta dimbwi si kawaida. Shika shafti ya turbo injini ikiwa imepoa: kucheza kidogo juu na chini isikutishe, ila isicheze mbele na nyuma, na mabawa yasikwangue nyumba yake. Chomoa plagi zote nne uone kama zimelowa zote au ni moja. Pima kompresheni (mgandamizo wa silinda). Ile ya kumwaga kijiko cha oili kwenye silinda ili kujua kama ni ringi, kwa Subaru usiiamini sana, silinda imelala na oili inakaa upande mmoja. Bora upimwe kwa kujaza hewa na kusikiliza inavujia wapi: kwenye mfuniko wa oili, sailensa, au upande wa kuvuta hewa.

Yote haya hayafiki bei ya injini.

Abuu wa Kimara

Mzee nimesoma yote, Mungu akuzidishie. Ila umeielewa ile sehemu ya kanzu? Alikuwa na tambara mkono wa pili. Mkono wa pili!! Tambara analo!

Chuma Chakavu

Tambara ni la kazi bwana, lingechafuka.

Turbo Mbili Shida Mbili

Huyo wako ana nafuu, yeye kapaka tu. Mimi nina Toyota Mark II Tourer V, JZX90, injini ya 1JZ yenye turbo mbili ndogondogo. Zile turbo mabawa yake ya upande wa moto ni ya seramiki, ukiongeza presha kwa ujuaji yanapasuka kama sahani. Nikapeleka kwa fundi (naye mnamjua, yule wa miwani ya kuchomelea hata usiku), akafungua zote mbili, akarudisha moja. Nikamuuliza nyingine iko wapi. Akasema, "Si umeona gari imekuwa nyepesi?"

Gaskoti

Naweka kambi hapa.

Nairobi kwa Sasa

Poleni wandugu wa huko. Huku kwetu kuna dalali akitaka kuuza Forester inayotoa moshi, siku ya mteja kuja kuiangalia anatia oili nzito kama uji wa mtoto, moshi unajificha. Wiki mbili baadaye mteja anaacha wingu barabarani mpaka matatu zinawasha taa mchana. Nayajua haya kwa sababu huyo mteja ni mimi.

Mzee wa Spana

Abuu, kijiti cha oili kinasomaje?

Abuu wa Kimara

Kimejaa mzee. Kimepita alama ya juu kidogo.

Mzee wa Spana

Kidogo kiasi gani?

Abuu wa Kimara

Vidole vitatu. Kwa vile inakula oili, kila Jumapili naongeza lita moja. Sipimi, si nshajua inakula?

Chuma Chakavu

HAHAHAHA. Gari imevimbiwa inacheua, mwenzetu anaongeza sahani.

Turbo Mbili Shida Mbili

Jumapili nane. Huyo anaendesha lori la mafuta.

Mzee wa Spana

Punguza leo leo mpaka katikati ya alama mbili, kabla hujawasha tena. Oili ikizidi hivyo krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) inaichapa inakuwa povu, mvuke wake unapanda kwa PCV unaingia upande wa kuvuta hewa, na ya turbo inakosa njia ya kushuka. Endesha wiki moja ukipima kila asubuhi gari ikiwa sehemu tambarare. Ikiendelea kutoa moshi hapo ndipo tuanze kutafuta.

Abuu wa Kimara

Sawa, nimekosea kuongeza. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kufuta kidole kwenye kanzu. Na yeye hakujua kama imezidi, kwa sababu BONETI HAKUFUNGUA. Angefungua angejua. Naona mnahamia upande wake.

Gaskoti

Kwa hiyo kidole kilitoka kimelowa kwa sababu yako. Kanzu umejipaka mwenyewe kwa mkono wa mwenzako.

Mama Wawili Tabata

Mwacheni kaka wa watu. Abuu, usiiloweke bado! Nyunyiza poda ya mtoto juu ya doa, iache inyonye usiku kucha, kesho uikung'ute, kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani. Jiki usitie na pasi usipitishe kabla doa halijaisha, utaligandisha.

Nairobi kwa Sasa

Mafuta ya taa yanatoa haraka zaidi.

Mama Wawili Tabata

Yanatoa doa yanaacha harufu, Ijumaa ijayo safu nzima ihame msikitini. Usimpotoshe.

Chuma Chakavu

Ampelekee dobi tu.

Turbo Mbili Shida Mbili

Dobi yupi? Kama ni yule wa pasi ya mkaa pale kwenye kona, mnamjua wote, aninunulie suruali yangu kwanza. Nilimpa ya kijivu akanirudishia kaptula. Kaptula! Eti ilikuja hivyo hivyo.

Gaskoti

Huyo huyo! Shati langu nimelikuta limevaliwa na shemeji yake, kwenye kitchen party, na ninaambiwa nipige picha naye.

Chuma Chakavu

Na vifungo anauza pembeni. Muulizeni.

Nairobi kwa Sasa

Anzisheni uzi wa huyo dobi nije.

Abuu wa Kimara

Dada Mama Wawili, hiyo poda kiasi gani? Kopo zima au kunyunyiza tu?