Tupeane uzoefu: nani ameishi au kufanya kazi na akina Sok wa Kambodia?

mlezi_wa_usiku
Wakuu, salaam kutoka Lowell, Massachusetts. Mji huu una Wakenya wengi, na Wakambodia ni wengi zaidi, waliingia kama wakimbizi kuanzia miaka ya 1980. Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi ina watu watatu wa ubini wa Sok. Nilidhani ni ndugu, kumbe hata hawajuani.

Usiku mmoja mzee mmojawapo alinieleza. Aliandika kwa kidole juu ya shuka: kwanza Sok, kisha jina lake, maana kwao ubini hutangulia. Huyo Sok alikuwa babu yake. Zamani mtoto alibeba jina la baba au la babu, na kizazi kikipita jina linabadilika. Ubini wa kudumu ulikuja wakati wa Wafaransa, waliotawala 1863 hadi 1953. Sok yeyote aliyekuwa babu enzi hizo aliacha ukoo wenye jina lake, ndiyo maana wametapakaa.

Neno lenyewe ni afya njema, amani, na limetokana na *sukha* ya Kisanskriti. Kusalimiana kwao ni "sok sabay te?" Sisi tunamwita binti Salama, wao wanamwita mtoto Sok. Tangu siku ile namwamkia hivyo kila nikiingia zamu, na namwita Ta, yaani babu.

Nanyi mmekutana nao wapi?

dada_wa_mapokezi
Mimi kliniki. Mama kaja na watoto wawili, yeye Sok, wao wana ubini wa baba yao. Mwenzangu akamtaka athibitishe kwamba ni wake. Mwanamke wa Kikambodia akiolewa habadilishi jina! Yule mama alitoa vyeti vyote mkobani, vimekunjwa ndani ya plastiki, inaonekana si mara ya kwanza. Iliniuma sana.

jirani_mwema
Jirani yangu ni Sok, lakini ukoo wao haukuwa Sok. Baba yake alikuwa mwalimu mwenye asili ya Kichina. Aprili 1975 Khmer Rouge, wakomunisti waliotawala Kambodia hadi 1979, walipowafukuza watu wote mji mkuu, Phnom Penh, waliosoma wakawa wanasakwa. Njiani baba akawaambia wanawe: kuanzia leo sisi ni Sok, wakulima. Jina la kawaida, halimshtui mtu. Kila usiku aliwakaririsha mpaka mdogo kabisa akalisahau la zamani.

Baba hakufika 1979. Waliobaki walivuka hadi kambi ya wakimbizi ya Khao-I-Dang, Thailand, na karani alipouliza jina, mama akajibu Sok. Likaandikwa, likapanda nao ndege. Jirani yangu analijua lile la kwanza, ila aliniambia kwa kunong'ona, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

mwana_wa_tanga
Hilo la majina ya mababu nalifahamu. Mimi na kaka yangu ni baba mmoja, mama mmoja: mimi pasipoti ina jina la babu, yeye ina la ukoo. Ubalozini tulieleza mpaka sauti ikakauka.

mlezi_wa_usiku
Jirani_mwema, nimesoma yako mara mbili. Jana Ta amepata kitukuu. Alitaka mtoto abebe jina lake yeye, kama zamani. Wazazi wameshajaza fomu hospitali: Sok.