Utepe wa nywele wa kroshia unaisha ukiwa na umbo la kabari: anayeanza aanze na nini?

Mfumaji Mpya aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina wiki tatu tangu nianze kujifunza kroshia, na lengo langu si blanketi wala sweta, bali ni vitu vidogo vya nywele: utepe wa kichwa, mpira wa kubania uliovishwa uzi, na pengine ua la kuweka kwenye kibanio. Nilidhani kwamba vitu hivi, kwa udogo wake, vingekuwa vyepesi, lakini vimeniumbua.

Utepe wa kwanza niliuanza kwa mafundo 14, nikaufuma kwa mafundo marefu, yale ambayo uzi huzungushwa kwanza mara moja kwenye sindano. Nilipofika safu ya 20 nilihesabu nikakuta yamebaki 9, na kipande chenyewe kilikuwa kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, mfano wa kabari. Niliufumua wote. Utepe wa pili niliufuma huku nikihesabu kila safu kwa kidole, nao ulinyooka vizuri. Kichwa changu kina mzunguko wa sentimita 56, nami nikaufikisha sentimita 56 kamili, lakini kila ninapouvaa unateremka hadi shingoni kama mkufu.

Ninatumia uzi mwembamba mweusi, kwa sababu nilitaka ufanane na nywele, pamoja na sindano ya milimita 2.5. Naomba mnieleweshe mafundo hupotelea wapi, kwa nini utepe hautulii kichwani, na kama nilikosea kuanza na kitu hiki.

Uzi na Kulabu alijibu:

Karibu sana, mwenzangu. Mafundo yako hayapotei katikati ya safu. Yanapotelea pembeni, na karibu kila mtu aliyewahi kushika sindano ya kroshia ameyapoteza mahali hapohapo.

Unapomaliza safu na kugeuza kazi, unafuma mnyororo mfupi, yaani vitanzi vilivyopitishwa kimoja ndani ya kingine, ili kuipandisha sindano hadi kimo cha safu mpya. Kwa mafundo marefu mnyororo huo huwa na vitanzi 3, na kwa kawaida wenyewe huhesabiwa kuwa fundo la kwanza la safu. Hapo kuna mitego miwili. Ukichoma sindano kwenye fundo lililo chini kabisa ya mnyororo huo, umeongeza fundo moja bila kukusudia. Ukifika mwisho wa safu inayofuata ukasahau kufuma juu ya ule mnyororo wa vitanzi 3, kwa kuwa haufanani na mafundo mengine na mara nyingi hujikunja ukajificha, umepunguza fundo moja. Wewe ulikuwa unasahau huku mwishoni, wala si kila safu, ndiyo maana hukuligundua tatizo mpaka lilipokuwa kubwa. Kwa mafundo mafupi, yasiyozungushiwa uzi kwanza, mambo ni mepesi zaidi: mnyororo wa kugeuzia huwa kitanzi 1 tu, kwa kawaida hauhesabiwi, na fundo la kwanza huchomwa palepale pembeni.

Chukua vipande viwili vya uzi wa rangi nyingine, au pini ndogo, uning'inize kimoja kwenye fundo la kwanza na kingine kwenye fundo la mwisho la kila safu, uvihamishe kadiri unavyopanda. Njia hii inachosha kwa siku mbili za mwanzo, kisha jicho lenyewe linazoea.

Nikuombe jambo moja zaidi: uweke kando uzi mweusi. Juu ya kila fundo kuna nyuzi mbili zinazolala kama herufi V, na ndizo zinazokuonyesha mahali pa kuchoma. Kwenye uzi mweusi mwembamba hata mfumaji wa miaka mingi huzipapasa chini ya taa. Tafuta uzi wa rangi ya mwanga, usio na manyoya, wenye unene wa kati, na sindano ya milimita 5 au inayokaribia hapo. Karatasi iliyozungushiwa donge la uzi huandikwa kipimo cha sindano kinachoufaa. Rangi ya kufanana na nywele itakuja baadaye, mikono ikishazoea.

Mama wa Mabinti Watatu alijibu:

Naunga mkono yote yaliyosemwa hapo juu, isipokuwa kwamba mimi nisingemrudisha mwenzetu kwenye utepe kwa sasa. Nimewafundisha binti zangu watatu, na wote niliwaanzisha kwa kuuvisha uzi mpira wa kubania nywele, kwa sababu kazi hiyo haina safu za kugeuza, haina pembeni, na kwa hiyo haina mahali pa kupotezea fundo.

Tafuta mpira mnene wa duara usio na kiungo cha chuma, maana chuma hunasa nywele. Weka kitanzi cha kwanza kwenye sindano, kisha pitisha sindano ndani ya duara la mpira, vuta uzi utoke upande wako, na ufunge fundo fupi ambalo limeukumbatia mpira wenyewe. Endelea hivyo kuuzunguka. Kwa mpira wa kawaida na uzi wa unene wa kati, mafundo 60 hivi hutosha, lakini usiitegemee namba hiyo peke yake: uvute mpira kama unavyovutika ukiwa umebana nywele, na ukiona mpira unachungulia katikati ya mafundo, yasogeze yabanane na uongeze mengine. Kosa la wengi ni kuyahesabu mafundo mpira ukiwa umelegea, wakaridhika, kisha siku ya kuuvaa mapengo yakajitokeza.

Ukirudi pale ulipoanzia, unganisha kwa fundo la kuteleza, yaani chomeka sindano kwenye fundo la kwanza, vuta uzi, na upitishe moja kwa moja ndani ya kitanzi kilichopo kwenye sindano. Sasa inakuja sehemu inayowafurahisha watoto. Panda kwa mnyororo wa vitanzi 3, kisha katika kila fundo la mzunguko wa kwanza fuma mafundo marefu 3. Kwa kuwa mafundo 180 yanalazimishwa kukaa mahali pa 60, kitambaa hakina pa kwenda, kinajikunja chenyewe na kufanya mawimbi. Ukitaka mawimbi ya wastani, fuma 2 badala ya 3. Hata ukikosea ukafuma 4 katika fundo moja, hakuna atakayeona, na nadhani anayeanza anahitaji kazi ya kwanza inayosamehe.

Ncha za uzi uziache ndefu, zifike sentimita 15, kisha uzichomeke kwa sindano butu yenye tundu pana ndani ya mafundo, ukienda upande mmoja, ukirudi, na ukienda tena. Kufunga kifundo na kukata karibu hakutoshi, kwani kitu cha nywele huvutwa kila siku na kifundo hufunguka. Wapo wanaounguza ncha za uzi wa akriliki kwa kiberiti ili zigandamane; nawasihi msifanye hivyo kwa kitu kinachogusa kichwa, kwa sababu akriliki iliyoyeyuka huwa ngumu na huchoma ngozi.

Mkono wa Kushoto alijibu:

Kuhusu utepe unaoteremka shingoni, sababu ni kwamba ulifuma urefu sawa na kichwa. Kitambaa cha kroshia huvutika, na kitu cha kuvaliwa kichwani hushika kwa kuvutika kwake. Kwa kichwa cha sentimita 56, mimi ningesimama kwenye sentimita 51 hivi. Halafu, badala ya mafundo marefu, jaribu mafundo mafupi yanayochomwa kwenye uzi wa nyuma peke yake wa ile herufi V, si nyuzi zote mbili. Utaona mifereji ikijitokeza kama kwenye ukosi wa sweta, na kitambaa kitavutika kwa urefu na kurudi. Tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba tangu niijue sijafuma utepe kwa njia nyingine.

Kuhusu uzi, watu wengi humwambia anayeanza anunue pamba, nami sikubaliani nao kwa kitu hiki. Pamba haivutiki wala hairudi yenyewe. Utepe wa pamba hulegea kadiri unavyovaliwa, na ukilowa hukawia kukauka. Akriliki ni nyepesi, hurudi baada ya kuvutwa, na hufulika bila wasiwasi, mradi usiipitishie pasi ya moto. Pamba niiachie maua, ambayo yanahitaji kusimama bila kunyong'onyea. Sufu nayo ni nzuri, lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hujishikanisha na kusinyaa, na hapo hakuna la kufanya.

Tahadhari nyingine inahusu maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Wamarekani na Waingereza hutumia majina yaleyale kwa mafundo tofauti: fundo fupi ambalo Mmarekani huliita "moja" (single), Mwingereza huliita "mbili" (double), na fundo refu ambalo Mmarekani huliita "mbili", Mwingereza huliita "tatu" (treble). Ukiona maelekezo yametaja fundo "moja" kila mahali, karibu yote huwa ya Kimarekani. Niliwahi kufuma utepe wa kipimo cha mtoto ukatoka na upana wa skafu kwa sababu hiyo tu.

Na kwa wenzangu wanaotumia mkono wa kushoto: tazameni picha za maelekezo kupitia kwenye kioo. Kazi yenu itakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, nayo ni sahihi kabisa.

Mfumaji Mpya aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimenunua uzi wa akriliki wa rangi ya maziwa na sindano ya milimita 5, na jana jioni nimemaliza mpira wa kwanza. Niliweka mafundo 60, nikauvuta kama nilivyoelekezwa, nikaona mapengo mawili, nikaongeza hadi 68. Kweli nimeanza kuiona ile herufi V, jambo ambalo kwenye uzi mweusi nilikuwa ninalikisia tu. Sasa naomba msaada wa ua: nilifuma mnyororo wa vitanzi 5 nikauunganisha kuwa duara, lakini sijui nigawe vipi petali, wala nilishikishe vipi kwenye kibanio bila gundi kuonekana.

Mama wa Mabinti Watatu alijibu:

Hongera sana. Duara lako liko sawa. Kila petali huwa na hatua hizi, zote zikichomwa ndani ya lile tundu la katikati na si kwenye vitanzi vyenyewe: mnyororo wa vitanzi 2, mafundo marefu 3, mnyororo wa vitanzi 2 tena, kisha fundo la kuteleza la kurudi tunduni. Rudia mpaka upate petali 5. Zikibanana, zisukume kwa kidole zizunguke duara. Zikiinuka kama kikombe, mara nyingi ni kwa sababu umekaza uzi kupita kiasi.

Gundi mimi siitumii, kwa kuwa ua likichafuka utalazimika kulifua pamoja na chuma, na chuma kitashika kutu. Nyuma ya ua, fuma kijiutepe chembamba cha mafundo mafupi 3 kwa upana, kirefu kidogo kuliko upana wa kibanio, ukishone kwa ncha zake mbili tu huku katikati pakiwa wazi. Kibanio kinapita humo, kinabana nywele, na siku ya kufua unakichomoa.

Mkono wa Kushoto alijibu:

Niongeze kwamba kwa ua hilo ushuke hadi sindano ya milimita 4 au hata 3.5, uzi ukiwa uleule. Petali zilizofumwa kwa kubana kidogo husimama zenyewe, ilhali zile za milimita 5 zitalala juu ya nywele zako kabla ya jioni.