Mnaoacha kusapoti biti 32: tangazeni mapema, msitufungie katikati ya leseni tuliyolipia!

Wakuu, salaam. Nina hasira, na kila neno hapa ninalimaanisha. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa "laptop ipi ninunue".

Mimi ni fundi kompyuta, nahudumia shule tatu za sekondari huku Kilosa. Moja ina maabara ya kompyuta 14, zile ndogo za inchi 10, msaada wa miaka mingi. Ndani kuna Intel Atom N270 na RAM ya GB 1. Prosesa hiyo ni ya biti 32 tupu, yaani ya kizazi cha zamani kinachochakata namba za tarakimu 32 za 0 na 1 kwa mkupuo; za sasa ni za biti 64. Hata uipigie magoti, mfumo endeshi wa biti 64 haiupokei.

Januari shule ikalipia leseni ya mwaka mzima ya programu ya mazoezi ya hisabati na sayansi. Kampuni siitaji. Julai, saa mbili asubuhi, mwalimu wa TEHAMA ananipigia: "Fundi, zimegoma zote." Nikapanda bodaboda. Nafika, kidato cha pili wamekaa watatu watatu kwenye kila mashine, mikono mapajani, na skrini zote 14 zina maneno yaleyale: toleo hili limefungwa, pakua jipya. Nikapakua kwa bando langu. Jipya ni la biti 64 peke yake.

Nilijua jibu, lakini mkuu wa shule alitaka kuona kwa macho yake. Nikachomeka flashi yenye mfumo wa biti 64, nikawasha. Skrini nyeusi, mistari miwili: kerneli hii (kiini cha mfumo endeshi) inataka prosesa ya x86-64, yaani ya biti 64, iliyopo ni i686, yaani ya biti 32. Akaniuliza, "Kwa hiyo ndiyo zimekufa?" Nikamwambia, "Hazijafa, mkuu. Zimefungiwa." Maana jana yake watoto walikuwa wanazitumia vizuri tu.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Jibu: takwimu zetu zinaonyesha watumiaji wa biti 32 ni wachache mno, nunueni mashine mpya. Takwimu zipi? Maabara ile inaonja intaneti mara moja kwa mwezi, nikienda na modemu ili programu ihakiki leseni. Shule nzima ni akaunti moja. Watoto arobaini na kitu kwa kipindi, mikondo minne, kwenye hesabu yao tunaonekana mteja mmoja! Halafu kwa hesabu hiyo hiyo wanaamua nani aachwe.

Msinielewe vibaya, sidai zisapotiwe milele. Najua kila toleo linajengwa mara mbili na kupimwa mara mbili. Najua programu ya biti 32 haivuki GB 4 za kumbukumbu, na kwamba saa ya kompyuta inayohesabu sekunde kwa biti 32 inafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038. Kerneli ya Linux, mfumo endeshi wa bure, ilizaliwa juu ya 386, prosesa ya biti 32 ya Intel, mwaka 1991, na mwishoni mwa 2012 ikaiondoa 386 yenyewe. Sawa kabisa, chipu ile ilikuwa ya 1985. Lakini watu wanakosea kuhesabu umri. AMD, washindani wa Intel, walileta biti 64 kwenye prosesa za aina hii mwaka 2003, na bado mwaka 2008 Intel wakatoa hii N270, zikauzwa kwa mamilioni. Umri uhesabiwe tangu mashine ya mwisho ilipouzwa dukani, tena muongeze miaka ya kufika kwetu, maana huku zinafika zikiwa zimeshatumika kwingine.

Na namna ya kuaga ipo. Mozilla walitangaza Septemba 2025 kwamba kivinjari chao Firefox 144 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, lakini wakaacha toleo la ESR 140 (lile linalohudumiwa kwa muda mrefu) liendelee kupata viraka vya usalama hadi angalau Septemba 2026. Debian 13, mfumo wa jamii ya Linux, ya Agosti 2025 haina tena kerneli wala kisakinishi cha biti 32, ila Debian 12 haikuzimwa siku hiyo. Nimeumia, ndiyo, lakini nilipewa muda wa kujipanga.

Cha kuuma zaidi ni nani anasikilizwa. Juni 2019 Ubuntu, mfumo mwingine wa jamii ya Linux, walitangaza kuziondoa pakiti (vifurushi vya programu) zote za biti 32. Wacheza gemu wa Steam (duka la gemu mtandaoni) na watumiaji wa Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux) wakapiga kelele, ndani ya siku chache uamuzi ukalegezwa. Kilichookolewa ni programu za zamani ndani ya mashine mpya. Mwenye mashine ya zamani hakupata kitu.

Ninachotaka kwa kampuni ile ni kidogo: toleo la zamani lifunguliwe hadi Desemba, leseni tuliyolipia iishe. Hata wasiongeze kipengele kimoja. Wamekataa, na fedha hawarudishi.

Sasa nawauliza mnaotengeneza programu humu jamvini, na nataka majibu hapa chini: ya kwako inasapoti biti 32 leo? Utaacha lini? Tarehe hiyo umeiandika wapi ambapo mwalimu wa Kilosa anaweza kuisoma kabla hajalipa?