Betri ya nyumbani bila sola, kuchaji usiku na kutumia jioni: hesabu ya muuzaji inanitia shaka

Binti_Ngamiani:

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nipo Reading, Uingereza, nina swali la umeme na najua humu mafundi hawakosi.

Nyumba yetu imebanwa na jirani kila upande. Tupo watano, mimi, mume wangu na watoto watatu. Gesi inapasha nyumba na maji ya bomba, ila jiko, oveni na shawa ni vya umeme. Mwaka jana tulinunua gari la umeme la mtumba, basi tukahamia kwenye bei mbili: kuanzia saa sita na nusu usiku mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri yuniti ni peni 7, saa nyingine zote peni 27. Gari linakula usiku, halina neno. Balaa ni jioni. Natoka kazini saa kumi, ikifika saa kumi na moja wali uko huku, maharage kule, samaki yuko kwenye oveni, mkubwa kajifungia bafuni, na mashine ya kufulia inazunguka kwa sababu sare ni za kesho. Ile skrini ndogo ya mita janja inawaka nyekundu, na kitindamimba wangu kazi yake ni kukimbia nyumba nzima akitangaza, "Mama, nyekundu! Nyekundu!"

Sola hatuwezi, paa linatazama kaskazini na mti wa jirani umelifunika. Wiki iliyopita akaja muuzaji wa betri. Betri ya kWh 13.5, yaani yuniti 13.5, pauni 8,900 pamoja na kufunga. Akachukua bahasha ya barua yangu, nyuma yake akaandika: 13.5 mara peni 20 (27 toa 7) mara siku 365, sawa na pauni 985 kwa mwaka. Miaka tisa hela yako imerudi, mama. Mume wangu alishakubali kabla chai haijapoa. Mimi nimelelewa dukani, nikiona hesabu imenyooka namna ile mkono unaenda wenyewe kuhesabu chenji.

Je, ni kweli? Kuna mwenye nayo?

Fundi_Likoni:

Marahaba dadangu. Mimi fundi umeme, nipo Leicester, na betri ninayo ukutani mwaka wa tatu sasa.

Kabla ya lolote niambie jambo moja: ukiacha gari, mnatumia yuniti ngapi kuanzia alfajiri bei inapopanda mpaka usiku inaposhuka? Usinipe ya kukisia. Mita janja inaandika kila nusu saa, ingia kwenye programu ya kampuni yako ya umeme ujumlishe siku kumi na nne. Huyo wa bahasha alikuuliza hilo?

Binti_Ngamiani:

Hakuuliza. Aliuliza jikoni tuna soketi ngapi.

Nimekaa na daftari. Wastani ni yuniti 8 kwa siku. Jumamosi moja 11, tulikuwa na wageni. Jumatano moja 5, siku hiyo niliwalisha chipsi za kununua.

Fundi_Likoni:

Basi hapo ndipo bahasha imepasukia. Betri ya 13.5 hailipwi kwa ukubwa wake, inalipwa kwa kile mnachokitoa ndani yake. Mkitumia 8, zile tano na nusu zinalala humo mpaka usiku wa pili. Yeye amekuhesabia kana kwamba mnaikausha kila siku, Idi na Krismasi.

La pili, umeme haupiti bure. Kuingia kwenye betri na kutoka, karibu sehemu moja ya kumi inapotea kama joto. Ile yuniti ya peni 7 ikishafika jikoni imekugharimu karibu peni 7.8. Faida yako ni kama peni 19.2, si 20. Mara 8, mara 365: pauni 560 kwa mwaka. Betri ya pauni 8,900 hapo ni karibu miaka kumi na sita, na garantii nyingi ni miaka kumi.

La tatu ndilo watu hawaambiwi kabisa, nalo ni shawa. Shawa yenu ni kilowati ngapi? Imeandikwa kwenye boksi lake.

Binti_Ngamiani:

9.5. Nimepanda juu ya sinki kuisoma.

Fundi_Likoni:

Haya. Betri haimwagi umeme wote anaoutaka mtu kwa mpigo, inveta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ndiyo mlango wake, na inveta nyingi za nyumbani mlango wake ni kilowati 3.6 hivi, kwa kuwa ukizidi hapo fundi lazima aombe ruhusa ya wenye nyaya kabla ya kufunga. Sasa mtu akifungua shawa ya 9.5, betri inatoa 3.6, hizo nyingine karibu 6 zinatoka gridi kwa peni 27, hata kama betri imejaa pomoni. Kuoga dakika kumi ni kama yuniti moja na nusu, na moja nzima betri haiigusi. Wanaoga wangapi jioni?

Binti_Ngamiani:

Wawili kila jioni. Na hizo dakika kumi ni za mdogo. Mkubwa ana miaka kumi na nne, huyo ni hadithi nyingine, tuseme tu kumi.

Fundi_Likoni:

Basi katika zile 8, yuniti 2 zinakuponyoka. Zimebaki 6, ni pauni 420 kwa mwaka. Mimi mwenyewe nikikufungia ndogo ya kutosha hizo 6, utanilipa kama pauni 4,500. Zaidi ya miaka kumi. Nasema haya na mimi nauza.

VAT angalau haipo. Tangu tarehe 1 Februari 2024 hata betri isiyo na sola ni asilimia sifuri, mpaka 31 Machi 2027. Muuzaji akikuharakisha kwa hiyo tarehe, mwambie kalenda unayo.

Kijana_Tabata:

Wakuu samahani kuingilia. Mimi niko Dar. Nikichaji betri usiku nikatumia jioni, hela ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, itapungua?

Mzee_wa_Yuniti:

Itaongezeka, mwanangu. LUKU ya nyumbani haina usiku wala mchana. Mimi niko T1, daraja la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa yuniti, weka VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (wasimamizi wa nishati) inakuja kama 356, uwe umewasha saa nane za usiku au saa moja jioni wakati wa taarifa ya habari. Ukipitisha kwenye betri unapoteza ile sehemu ya kumi aliyosema fundi, basi. Aliye D1, daraja la watumiaji wadogo, ndiye ana sababu ya kuhesabu, lakini anahesabu mwezi, si saa: yuniti 75 za mwanzo ni shilingi 100, ukivuka unalipa 350. Betri yangu mimi ni ya umeme ukikatika nisikose kuona mpira. Haijawahi kuniokolea shilingi na sijaidai.

Rider_Umoja:

Kenya pia nyumbani ni bei moja mchana na usiku, hatua zinafuata yuniti za mwezi. Viwanda vilipewa nafuu ya usiku kuanzia Desemba 2017. Na 2023 EPRA, wasimamizi wa nishati wa huku, ikaweka bei ya kuchaji magari na pikipiki za umeme: bob 16 saa za watu wengi, bob 8 zile zingine. Tukiipata hiyo majumbani ndio tutaongea betri.

Binti_Ngamiani:

Fundi, mume wangu ameuliza, tukiamua kuichukua hivyo hivyo, ikae wapi? Muuzaji alisema chini ya ngazi, au darini.

Fundi_Likoni:

Astaghfirullah. Mwongozo wa Uingereza, PAS 63100 wa 2024, unakataa kote kuwili: si darini, si chumba cha kulala, si chini ya ngazi wala kwenye njia ya kutokea. Ikishika moto mtapita wapi na watoto? Weka ukuta wa nje, au gereji kama ipo.

Na mkishaweka, tazameni saa. Yangu niliipanga ijichaji dirisha lile lile la bei ya usiku. Machi saa zikasogezwa mbele, simu zote zikajirekebisha, inveta ikabaki na saa zake za baridi. Ikawa inaendelea kuvuta mpaka saa kumi na mbili na nusu, yuniti kama 2 kila asubuhi kwa bei ya mchana. Siku 19 ndipo nikagundua, fundi mzima, pauni 7.60 zimekwenda. Mke wangu bado ananitania, akitaka kujua saa ananiambia, "Kaiulize inveta."

Binti_Ngamiani:

Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuchungulia.

Narudi baada ya wiki tatu. Kwanza mashine ya kufulia. Nilitaka kuiwasha usiku, nikasoma kwamba zimamoto hawapendi iendeshwe watu wamelala. Kumbe umeme mwingi inaula mwanzoni ikipasha maji, halafu kuzungusha ni kidogo tu. Naamka saa kumi na moja kuwahi zamu, nabonyeza hapo hapo, maji yanapata moto kabla bei haijapanda. Yuniti moja imehama bure.

Pili shawa. Maji ya bomba si yanapashwa na gesi, na gesi yetu ni peni 6? Nimenunua ndoo mbili na makopo mawili makubwa, nikawafundisha kuoga kama tulivyooga Tanga. Mdogo anashangilia, anasema ni kama likizo kwa bibi. Mkubwa alikata rufaa kwa baba yake, ikatupwa. Yuniti tatu nyingine hizo.

Daftari sasa linasoma 4 kwa siku. Nimempigia yule muuzaji kumwambia hatuchukui, akaniuliza tumepata wapi bei nzuri zaidi. Nikamwambia duka la vyombo, pauni 11.

Fundi_Likoni:

Ndoo zote mbili au moja?

Binti_Ngamiani:

Mbili, na makopo yake.