Mnaowacheka vijana wa Nairobi, lini mmesoma muswada wa kodi hata mmoja?

Wakuu, nimekereka na sifichi. Jana saluni kwangu huku Kwa Mrombo, Arusha, TV imerudia zile picha za Nairobi za 25 Juni 2024, vijana wanaingia bungeni risasi zinalia. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Hao wamekosa malezi." Benchi zima likacheka.

Wamekosa malezi? Wale waliusoma muswada! Serikali ya Ruto imeingia Septemba 2022, mwaka uliofuata VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16 na mishahara ikaanza kukatwa asilimia 1.5 ya kujengea nyumba za bei nafuu. 2024 ikataka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na gari lilipiwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Watoto wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakawapigia wabunge simu usiku na mchana. Mkate na gari vikaondolewa, na siku moja baada ya bunge kuvamiwa rais akakataa kusaini. Zaidi ya watu 20 walikufa. Mnacheka nini hapo?

Sisi je? Kodi ya majengo imeingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, nyumba ya kawaida 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Wangapi tulijua kabla ya kukatwa? Mimi nimehamia fremu iliyokaa tupu miezi minne. Nanunua umeme wa 10,000, meseji inaingia: 7,500 imekatwa, deni la majengo. Nimebakiwa na uniti saba! Wateja wamekaa, mashine imezima kichwa cha mtoto wa watu kikiwa nusu. Nampigia mwenye nyumba, ananijibu, "Hilo ni la mita, dogo, mimi simo."

Hayumo vipi? Jengo ni lake, kodi ni ya mwenye jengo, nalipa mimi mpangaji, na kwenye pango hapunguzi hata mia. Nimenyamaza miezi minane kwa kuogopa kufukuzwa, na ndicho kinachoniuma nikisikia watu wanaitwa wahuni kwa kutonyamaza.

Mzee wangu, shikamoo yako iko palepale, ila kucheka vile hapana.

Wapangaji wa Sakina, Ngarenaro, Unga Limited: kuna aliyewahi kurudishiwa hela hiyo na mwenye nyumba? Ulimbana vipi? Pango langu linaisha mwezi ujao, nataka niende nimejipanga.