Naomba ushauri: mlango wa gereji unakwaruza hata baada ya kupakwa grisi

Ndugu wanachama, mlango wa gereji yangu, ule wa vipande unaopanda kwa reli mbili, umeanza kukwaruza na kusita ufikapo katikati. Nilipaka grisi nzito ndani ya reli, jambo ambalo sasa naona lilikuwa kosa, kwani ilinasa vumbi na kelele zikazidi. Nimeifuta yote, nikapulizia mafuta ya silikoni kwenye bawaba na springi, na kelele zimepungua kidogo. Hata hivyo, nikiutenganisha na mota na kuuachia katikati kwa uangalifu, unashuka wenyewe badala ya kutulia.

Je, hiyo ni dalili kwamba springi imechoka, kazi ambayo nisingethubutu kuigusa bila fundi? Na magurudumu ya plastiki hutiwa mafuta, au beringi zake tu?