Banda la nyangumi Watamu: mifupa inasafishwaje?

MwanaMida: Salaam wadau. Kikundi chetu cha ufuo, pande za Watamu, kinataka kujenga banda la wageni kuhusu nyangumi wa nundu wanaopita hapa Julai hadi Oktoba. Nia ni kutundika mifupa halisi, siku mzoga ukitupwa ufuoni. Fundi wa makuti anasema paa litabeba. Mifupa inasafishwaje, na harufu je?

Koleo: Kwanza karatasi. Nyangumi hata akifa hana mwenyewe kijijini. Msiguse ubavu kabla ya barua ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Mkiruhusiwa, kisu kitangulie koleo la kuzikia mifupa mchangani. Ondoeni mafuta na nyama kadiri mtakavyoweza, maana tabaka la mafuta likizikwa nene hugeuka kitu kama sabuni, na mwaka ukipita mtalikuta vilevile. Zile bamba za kuchujia chakula mdomoni zing'olewe mapema zikaushwe kivulini, kisha zihifadhiwe mbali na wadudu, ambao huzitafuna. Kila mfupa ufungiwe kibao cha plastiki kwa uzi wa nailoni, namba ichomwe kwa msumari wa moto, kwani wino hufutika. Kila pezi la mbele lizikwe ndani ya wavu wake wa matundu madogo, la sivyo mifupa ya vidole iliyomo ndani yake itapotelea mchangani. Mifupa miwili ya nyonga ni midogo na haikushikana na uti wa mgongo. Hiyo ndiyo hutupwa pamoja na nyama bila mtu kujua.

Zikeni kina cha mita moja na nusu hivi, juu ya mstari wa maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, mwaka mmoja au miwili.

Harufu sugu hutoka kwenye mafuta yaliyomo ndani ya mfupa, hasa fuvu na taya. Lowekeni kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, mkibadilisha kila yakichafuka. Klorini msiitumie, inakula mfupa. Vanishi nayo ngojeni: mafuta yakitaka kutoka huibambua.

Boriti: Huyo fundi wa makuti mshukuruni, kisha msimsikilize. Nyangumi mzima wa nundu ana mita 13 hadi 15, na kichwa peke yake ni karibu theluthi ya urefu huo. Msitundike kitu. Simamisheni nguzo kwenye zege, pingili za uti wa mgongo zitungwe kwenye bomba la chuma cha pua daraja la 316, linalostahimili chumvi ya bahari. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, karibu na bahari, kitashika kutu, na madoa yake yanaingia mfupani hayatoki. Kati ya pingili wekeni sponji ngumu mahali palipokuwa na gegedu. Mkizibananisha, mnyama anafupika na mgongo unapinda vibaya.

Matlai: Mimi ningeuliza wageni wataliingia banda lini. Nyangumi wanapita wakati upepo wa kusi unavuma, na siku nyingi boti hazitoki. Siku hizo ndizo za banda, kwa hiyo tiketi isiahidi kuonyesha nyangumi hai.

Jengeni na mnara wa kuangalia. Jicho likiwa mita 2 juu ya maji upeo uko kilomita 5 tu. Mita 10, zaidi ya kilomita 11. Shida ya pwani yetu ni kwamba asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo, jua linatoka baharini na kuwapiga watu machoni. Shusheni ukingo wa paa upande wa mashariki na mpake mbao rangi isiyong'aa. Mawimbi yakianza kuwa na povu jeupe, pumzi ya nyangumi, inayoonekana kama moshi mweupe, haitofautishwi tena.

MwanaMida: Shukrani. Na kabla mzoga haujapatikana?

Boriti: Huenda msiupate miaka. Chora umbo lake sakafuni kwa saruji ya rangi, mita 14, pezi la mbele liwe karibu theluthi ya mwili. Watoto wa shule watalipima kwa hatua. Nguzo za mifupa chimbeni misingi yake sasa hivi, kabla ya kumwaga sakafu.

Koleo: Na nyavu za mapezi nunueni mapema. Mzoga ukishafika hapatakuwa na muda wa kwenda dukani.